Mizizi ya Isale

Nilikuwa karani wa masjala, Moshi,
miaka ishirini na tisa ya vumbi la majalada.
Hadi leo nikikohoa, nakohoa mashauri ya watu.
Nisichokiona sikiandiki.
Basi haya ya Jaji Anasia Urio
yapokeeni kama yalivyo.

Alianza hakimu kijana, Mahakama ya Mwanzo,
bati linavuja juu ya meza yake,
choo kimoja tu, kimeandikwa WANAUME.
Mzee wa baraza akamuuliza:
"Binti, hakimu anafika saa ngapi?"
Akaangalia saa ya mkononi.
"Amefika," akasema. "Waliochelewa ni nyinyi."

Alipopanda Mahakama Kuu
joho alilokabidhiwa lilikuwa la mwanamume mrefu.
Alilikata mwenyewe, kwa cherehani ya dada yake, Kiboriloni,
na kipande kilichobaki
akakifanya kitambaa cha kufutia miwani.
Mawakili wakamsifu kwa Kiswahili cha marashi.
"Polepole," akawaambia,
"mgema namjua, na tembo lake nimelionja."

Sasa lile la Apaikunda, mjane wa Mamba.
Mashemeji walisema kihamba chake kinaishia mgombani,
na masale ya mpaka wakayaonyesha, yamesimama mstari,
mabichi, yenye adabu, kama watoto wa kipaimara.
Mashahidi saba, kauli moja.
Jaji akafunga jalada: "Twendeni tukaone."

Mvua ilikuwa imenyesha. Mfereji umejaa.
Mawakili wanashika suruali zao magotini.
Yeye akapiga magoti kwenye tope,
akachimba kwa vidole chini ya isale la kwanza,
la pili,
la tatu.
Mizizi myembamba kama uzi wa kushonea vifungo.
Kisha akatembea hatua arobaini, mimi nahesabu,
hadi penye shimo lililofukiwa na majani ya kahawa,
akavuta kutoka ardhini mzizi uliokatwa,
mnene kama kifundo cha mkono wa mzee.
"Huyu," akasema, "ni shahidi wa nane.
Karani, andika. Hajasema uongo."

Apaikunda hakupiga kigelegele.
Alikaa juu ya jiwe, akavua kandambili,
akaweka nyayo kwenye udongo wake.

Krismasi ile, watu wamepanda mlimani kama kawaida,
nasikia kwao Machame sahani ya kidari
ilimpita jaji kama upepo.
Baba yake mdogo alikuwa na masale yake pia, mapya mapya.

Msidhani namjengea sanamu.
Liko jalada la Kiangi, kijana wa mashamba ya miwa,
miaka mitatu kwa ng'ombe wa watu.
Mwezi wa nane ng'ombe akapatikana Kahe,
zizini kwa mtoto wa mlalamikaji.
Kijana akatoka. Mama yake alikuwa ameshazikwa.
Hukumu ile ilikuwa na saini ya Anasia Urio,
nadhifu, haina hata doa.

Tangu hapo, kila Juni, alishuka mwenyewe masjala.
Hakutuma mtu.
Alilisoma amesimama, kurasa zote kumi na nne,
akalirudisha, akasaini kitabu
kama wakili yeyote wa mtaani.

Siku ya kustaafu palikuwa na keki, vitenge, hotuba ndefu.
Saa nane na dakika kumi nikasikia viatu vyake ngazini.
Akasoma. Akasaini. Safari hii herufi ya mwisho ilivuka mstari.
"Kaa salama, karani," akasema,
akapanda ngazi akishika ukuta.

Niliporudisha jalada rafuni likafunguka.
Kati ya ukurasa wa kumi na moja na wa kumi na mbili
palikuwa na jani la isale, limekauka,
lile ambalo kwetu aliyekosa humpelekea aliyekosewa,
naye akilipokea, hana budi kusamehe.

Alilipeleka likakataliwa?
Au lilipokewa, Kiangi mwenyewe akalileta hapa?
Sikuona, siandiki.
Sikulitoa. Nilichukua kalamu,
nikalipa namba, kama kielelezo,
nikafunga kamba.